Kushusha na kupandisha injini ya Carina TI uani kwako: mwongozo kwa wa Mtwara na Lindi

Maswali ni yale yale kila mwezi. "Mwembe wa uani utabeba?" "Nishushe injini peke yake au pamoja na giaboksi?" "Nimeshapandisha, gari linawaka ila haliendi, shida nini?" Majibu nimekuwa nikiyatoa vipandevipande. Leo nayaweka yote mahali pamoja, kwa mpangilio wa kazi yenyewe.

Mfano wetu ni Toyota Carina TI, ile AT212 yenye injini ya 5A-FE ya cc 1500 na giaboksi ya otomatiki. Mwenye Corolla ya 5A-FE anaweza kufuata karibu kila hatua. Mwenye IST asome mpangilio tu, asikariri: 1NZ-FE inatumia cheni badala ya taimingi belti, na kila plagi ina koili yake, hakuna distributa (kile kigawa umeme wa plagi).

Kama hujawahi kubadilisha stata au rejeta kwa mkono wako, anza na hizo, hii iache kwanza.

Hakikisha injini imekufa kweli

Wengi hushusha injini ambayo ingepona kwa gaskiti ya kichwa au ringi za pistoni. Azima geji ya kompresheni, toa plagi zote nne, zima mfumo wa petroli na umeme wa plagi, kanyaga mafuta mpaka mwisho, kisha piga stata. Injini za ukoo huu, 4A-FE, 5A-FE na 7A-FE, zikiwa nzima hutoa karibu psi 190. Chini ya psi 142 silinda imechoka, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi psi 14. Silinda ikiwa chini, mimina oili kijiko kimoja kwenye tundu la plagi upime tena. Ikipanda, ringi zimekwisha. Isipopanda, tafuta kosa kwenye valvu au gaskiti.

Kununua injini nyingine

Wengi wetu tunaagiza Dar, na Dar hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 550. Injini ikishapakiwa kwenye lori, kuirudisha ni gharama nyingine. Kwa hiyo mtume mtu mwenye akili ya ufundi, siyo shemeji yeyote aliye na nafasi. Aangalie haya: namba iliyogongwa kwenye bloku isomeke na ianze na 5A, injini izunguke kwa mkono kwa spana ya 19 kwenye bolti ya puli, kifuniko cha oili kisiwe na utando mweupe kama maziwa, umbo la sampu (beseni la oili chini ya injini) na soketi za distributa zifanane na za injini yako. Apige picha zote akutumie kabla ya kulipa.

Risiti ya EFD ni lazima. Sababu utaiona mwishoni.

Wakati na mahali

Huku kusini tuna msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili hivi. Panga kazi katikati ya Juni na Septemba. Ukingoja msimu wa korosho ufunguke mwezi wa kumi, gereji zinajaa na kuazima cheni bloku kunakuwa kubembelezana. Ubaya wa miezi ya kiangazi ni upepo wa kusi na vumbi lake, hivyo weka matambara safi na mifuko ya nailoni ya kufunika kila tundu.

Uwanja uwe tambarare. Shangani, Chikongola, Mtanda kule Lindi, nyua nyingi ni mchanga, na jeki kwenye mchanga huzama polepole huku wewe uko chini ya gari. Tandika mbao nene za inchi mbili chini ya kila jeki, kila stendi na kila mguu wa utatu nitakaoueleza hapa chini.

Vinavyohitajika

Boksi spana kamili, hasa soketi za 10, 12, 14, 17 na 19, pamoja na bomba refu la kuongezea nguvu. Ringi spana za namba hizo hizo. Plaisi, bisibisi, nyundo, mtaimbo mfupi. Jeki ya troli na stendi mbili. Cheni bloku ya tani 1 au zaidi. Cheni fupi ya kubebea na bolti zake. Mabeseni mawili, chupa za maji tupu za kuhifadhia bolti, selotepu ya karatasi, markapeni. Simu yenye nafasi ya picha. Kizimamoto, au angalau ndoo mbili za mchanga mkavu.

Vipuri vya kununua mapema: taimingi belti, wota pampu, sili ya mbele na ya nyuma ya krenkishafti, gaskiti ya kifuniko cha valvu, thamostati, plagi, oili filta, washa mpya za bomba la petroli, oili ya injini lita 4, ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki) ya Dexron III, na kulanti. Mipira ya rejeta ikiwa imevimba, iweke kwenye orodha.

Na watu wawili. Mmoja awe spana boi anayejua kusikiliza, kwa sababu wakati wa kunyanyua kuna sauti moja tu ya amri, na ni yako.

Kuhusu mwembe

Usitundike injini kwenye mti. Najua umeona watu wakifanya, na mara nyingi hutoka salama. Lakini injini na giaboksi pamoja zinaweza kufika kilo 200, tawi hulioni ndani, na mti hausogei ukitaka kusogeza mzigo. Mkorosho ndio usiuguse kabisa, matawi yake ni mepesi kuvunjika. Mbao za paa la banda pia hazikuwekwa kwa kazi hiyo.

Tengeneza utatu. Tafuta mabomba matatu mazito ya chuma ya inchi mbili au zaidi, urefu wa mita 3.5 hivi, siyo yale membamba ya maji. Mchomeleaji atoboe vichwa na kuviunga kwa bolti moja nene au pingu ya chuma. Ndoano ya cheni bloku ining'inie hapo. Chini, funga miguu yote mitatu kwa cheni au kamba nene ili isitanuke. Hatua hii ndiyo watu huiruka, na mguu mmoja ukiteleza kwenye mchanga utatu wote unalala.

Mpangilio: mguu mmoja mbele ya bampa, katikati. Miwili pembeni, usawa wa milango ya mbele, nafasi kati yake ipitishe gari. Injini ikishakuwa juu, gari linasukumwa kinyumenyume linapita katikati ya miguu miwili. Utatu hausogezwi ukiwa na mzigo.

Kabla ya siku ya kazi, ning'iniza mzigo wa majaribio mzito kuliko injini, mathalani mifuko mitano ya saruji ya kilo 50, uuache nusu saa. Usisimame chini yake.

Kushusha

1. Jioni ya kuamkia kazi, lowesha kwa oili ya kulegezea kutu nati za ekzosi, bolti za mauntini (vishikizo vya injini na giaboksi) na nati za boli jointi. Chumvi ya bahari huku inakula bolti kuliko bara. Nati ya ekzosi iliyolazimishwa ikiwa kavu hukatika na stadi yake.

2. Toa boneti. Chora kwa markapeni mahali bawaba zilipokaa, ili likirudi lifunge sawasawa.

3. Punguza presha ya petroli. Kama injini bado inazunguka, toa fyuzi ya EFI (mfumo wa petroli) na upige stata sekunde chache. Kisha toa betri, hasi kwanza. Unapofungua bomba la petroli, zungushia tambara, maana matone hayakosekani. Sigara mbali, na jiko la mkaa la mama wa jirani nalo lihame kwa siku hiyo.

4. Mwaga maji ya rejeta, oili ya injini na oili ya giaboksi, kila kimoja beseni lake. Oili chafu usiimwage mchangani, weka kwenye dumu. Mafundi seremala huichukua kupakia nguzo dhidi ya mchwa.

5. Toa boksi la eya klina, mipira ya juu na chini ya rejeta, na mabomba mawili madogo ya kupozea oili ya giaboksi. Yazibe. Rejeta na feni zitoke zote: rejeta ikibaki, injini ikiyumba itaitoboa.

6. Kompresa ya AC usiifungue mabomba. Fungua bolti zake tu, iweke pembeni na mipira yake, uifunge kwa waya kwenye chasisi. Gesi inabaki ndani na unaokoa pesa ya kujaza upya. Pampu ya steringi vivyo hivyo.

7. Sasa waya. Toa soketi upande wa injini, na mkanda wote wa waya ubaki kwenye gari. Kila soketi ipate kipande cha selotepu chenye namba, na pale ilipotoka namba hiyo hiyo. Piga picha kabla ya kuchomoa, siyo baada. Usisahau waya za ardhi, hasa ule unaotoka giaboksi kwenda bodi.

8. Chomoa kebo ya mafuta, kebo ya gia, waya au kebo ya spidi, mpira wa vakyumu wa bresi, mipira miwili ya hita ukutani, na vimipira vidogo vyote. Hivi navyo viwekewe namba. Ni vyembamba, lakini kimoja kikisahaulika injini haitulii.

9. Inua mbele, weka stendi, toa matairi. Fungua boli jointi kwenye mkono wa chini, huwa bolti moja na nati mbili. Vuta habu nje, kisha kwa mtaimbo chomoa shafti upande wa giaboksi. Upande wa tairi usiuguse, na nati kubwa ya habu ibaki ilivyo. Hapa wengi hupoteza asubuhi nzima bure wakipigana na nati ya 30. Tena shafti ikitoka kwenye habu halafu ukasukuma gari, beringi ya tairi inaweza kuharibika. Funga shafti kwa waya zisining'inie, rudisha boli jointi na matairi, shusha gari chini.

10. Fungua ekzosi ya mbele kutoka kwenye manifodi.

11. Funga cheni ya kubebea kwenye ndoano mbili za injini, zile za kiwandani, moja mbele na moja nyuma. Kamba ya katani hapana. Nyanyua mpaka cheni ikaze tu.

12. Toa bolti za mauntini ya mbele na ya nyuma, kisha ya giaboksi, mwisho ile ya upande wa taimingi. Bolti ikikataa kutoka, mzigo umeielemea: panda au shusha kidogo, usiipige nyundo.

13. Nyanyua sentimita tano, simama. Zunguka gari zima ukitazama kilichosahaulika. Karibu kila mara kipo, waya au mpira mmoja. Endelea polepole, upande wa giaboksi ukiinama ili upishane na bodi. Mikono isiingie kati ya injini na bodi, na hakuna mtu anayeingia chini, hata kuokota soketi.

14. Injini ikipita juu ya paneli ya mbele, sukuma gari nyuma, teremsha mzigo juu ya matairi mawili makuukuu yaliyolazwa.

Swali la kutoa giaboksi pamoja na injini limejijibu: ndiyo, vitoke pamoja. Kuzitenganisha zikiwa ndani ya gari kunawezekana, lakini wakati wa kuunganisha utakuwa unalenga gizani.

Injini ikiwa chini

Tenganisha: toa stata, toa kibati cha chini, zungusha krenki kwa spana ya 19 ukitoa bolti za konvata (kile kibuyu cha chuma kinachopitisha nguvu ya injini kwenda giaboksi kwa oili) moja baada ya nyingine, huwa sita. Kisha bolti za kengele, yaani mdomo mpana wa giaboksi unaokutana na bloku. Giaboksi ikivutwa, konvata ibaki ndani ya giaboksi.

Injini mpya ibadilishwe sili, taimingi belti, wota pampu na thamostati hapa chini, wakati kila kitu kinafikika. Muuzaji atakwambia belti ni nzima. Huenda. Badilisha tu. Alama za puli ya kamu na za krenki zikutane, zungusha kwa mkono mizunguko miwili kamili, tazama tena. Linganisha sensa za injini mbili na uhamishe zile unazojua zinafanya kazi.

Konvata: hapa ndipo giaboksi hufia

Konvata inaingia kwa ngazi, ikishika meno ya ndani moja baada ya lingine. Isukume kwa mikono miwili huku ukiizungusha, utaisikia ikizama zaidi ya mara moja. Ikiwa haijazama yote, kengele ya giaboksi haitakutana na bloku, na atakayeivuta kwa kukaza bolti atavunja pampu ya oili ya giaboksi.

Kanuni ni hii: giaboksi na bloku zikutane kwa nguvu ya mikono tu, bila uwazi. Zikikutana, kabla ya kufunga bolti sita, konvata izunguke kwa vidole na iwe na mchezo wa milimita chache kuelekea bamba la injini inapofungwa. Isipozunguka, tenganisha, anza upya. Usijishauri kwamba bolti zitaivuta.

Kupandisha

1. Nyanyua, sukuma gari lirudi chini ya mzigo, teremsha taratibu.

2. Ingiza bolti zote nne za mauntini kwa mkono bila kukaza. Tikisa injini ikae yenyewe, ndipo ukaze. Ukikaza moja moja tangu mwanzo, gari litatetemeka kila ukiweka D.

3. Rudisha shafti. Zipakwe oili mdomoni na ziingie zikiwa zimenyooka ili zisichane sili za giaboksi. Vuta kwa mkono: ikitoka, ringi yake haijashika.

4. Ekzosi, kompresa, pampu ya steringi, rejeta, mipira, waya. Fuata namba zako. Waya ya ardhi ya giaboksi ifungwe mapema, na mahali pake pasuguliwe kwa msasa.

5. Bomba la petroli liwekewe washa mpya pande zote mbili.

6. Jaza oili, lita 3 na ushee, pima kwa kijiti. Rejeta ijazwe kulanti. Maji ya kisima cha pwani yana chumvi, yatakula injini uliyoilipia.

7. Jaza ATF kiasi. Itapimwa vizuri injini ikiwa moto.

8. Fyuzi ya EFI ikiwa nje, piga stata sekunde kumi, pumzika, rudia, mpaka taa ya oili izime. Rudisha fyuzi, mwenzako akae akichungulia bomba la petroli, na likivuja uzime hapo hapo. Sasa washa.

9. Kifuniko cha rejeta wazi, hita kwenye moto, acha iungurume mpaka hewa iishe na feni iwake yenyewe. Ongeza kulanti inaposhuka.

10. Injini ikiwa moto, kwenye tambarare, pitisha gia zote kisha rudi P, pima ATF injini ikiwa inaunguruma.

11. Panga taimingi ya distributa: unga kwa kipande cha waya matundu ya TE1 na E1 kwenye kiboksi cha uchunguzi, taa ya taimingi isome digrii 10 kabla ya TDC (pistoni ikiwa juu kabisa).

Ikikataa

*Stata inalia "tik" tu.* Ardhi. Angalia waya wa giaboksi kwanza, betri baadaye.

*Inazunguka haiwaki.* Waya za plagi zifuate 1-3-4-2. Kama cheche ipo na petroli ipo, soketi ya distributa au alama za belti.

*Taa ya oili haizimi.* Zima injini hapo hapo. Usikanyage mafuta kuijaribu.

*Inawaka, haiendi.* ATF imepungua, au kebo ya gia haijafika mahali pake. Kama oili iko sawa, kebo iko sawa na bado haishiki gia yoyote, rudi kwenye konvata. Habari mbaya, lakini kuendelea kuunguruma kutaifanya mbaya zaidi.

*Mdundo wa chuma kati ya injini na giaboksi.* Bolti za konvata zimelegea, au bamba limepasuka.

*Mzunguko unapanda na kushuka.* Kuna mpira wa vakyumu uko wazi. Sikiliza mlio wa kunyonya.

*Inachemka.* Hewa ndani, au feni haijachomekwa. Ngoja ipoe ndipo ufungue rejeta.

*Taa ya injini imewaka.* Unga TE1 na E1 ufunguo ukiwa umewashwa, hesabu inavyopepesa. Mara nyingi ni soketi iliyosahaulika.

Usiende Masasi siku hiyo. Zunguka mtaani, rudi, tazama chini kama pana matone, kaza tena bolti za mauntini na ekzosi injini ikiwa imepoa. Baada ya kilomita 1000 badilisha oili na filta.

Halafu kadi. Kadi ya gari ina namba ya injini, na sasa namba hiyo siyo ya injini uliyonayo. Beba kadi na risiti ya EFD, nenda ofisi ya TRA, waeleze umebadilisha injini, watakupa utaratibu wa kurekebisha taarifa. Mjulishe na mtu wako wa bima. Fanya hivyo kabla ya kufikiria kuliuza, maana mnunuzi anayejua kazi atafungua boneti na kadi mkononi.